Jiwe Chini ya Gurudumu

Miezi minne nimeegesha Karina mteremkoni,
pua ikitazama chini, jiwe chini ya gurudumu,
kama kila mtu wa Kadutu ambaye betri imemwaga.
Asubuhi naondoa jiwe, naruka ndani,
gia ya pili, klachi chini,
navumilia mita kumi za ukimya,
naachia.
Gari linakohoa, linashika.
Mji wa vilima hauulizi sana habari za betri.

Lakini jana, zamu ya usiku hospitalini,
mlinzi alinionyesha nafasi penye tambarare.
Alfajiri, watoto watatu wameshazaliwa mikononi mwangu,
nikageuza ufunguo: tk.
Tk.
Kama ukucha kwenye kikombe kitupu.
Wauza ndizi wawili na baba wa mmoja wa wale watoto
wakasukuma mpaka barabara ilipokumbuka kuinama.
Muuza ndizi akasema, Mama, hii gari imezeeka,
iache ipumzike.
Nikacheka. Sikumwambia
kwamba mwenyewe ndiye aliyetangulia kupumzika.

Kwa Murhula, pale Essence,
betri zimepangwa kama matofali,
nyingine mpya, nyingine zimepakwa rangi zifanane na mpya.
Anazijaribu mbele yangu kwa taa ya pikipiki:
Macho yako ndiyo shahidi, Mama Asifiwe.
Dola sitini na tano. Nikasema arobaini.
Tukakutana kwenye hamsini na mbili,
ile ya zamani abaki nayo
wakayeyushe risasi iliyo ndani,
risasi ya kuyeyusha tu, akasema, usiogope,
tukacheka kidogo, kisha hatukucheka.

Akafungua boneti. Kwenye klemu
chumvi ya kijani imeota kama ukungu wa mkate.
Akamwaga maji ya moto, povu likapanda.
Hasi kwanza, akasema, siku zote hasi kwanza,
akashika spana namba kumi.

Ngoja.

Kwa sababu ndani, kwenye dashibodi,
saa ilikuwa bado inawaka, hafifu, kijani.
Zihalirwa aliirudisha nyuma kwa saa moja
siku Asifiwe aliposafiri kwenda Kinshasa kusoma,
ili akikwama kwenye msongamano wa Nguba
ajue binti ameamka au bado.
Nilimlaumu kwa hesabu ile:
tarakimu inasema saba, Bukavu ni nane,
na sisi kwa midomo yetu tunaita saa mbili.
Mwaka wa tatu huu naipiga bila kufikiri,
kama mtu anavyopima chumvi kwa vidole.

Murhula akabaki na spana hewani.
Kuna njia, akasema.
Akaleta nyaya mbili, nyekundu na nyeusi,
akaazima umeme kwenye pikapu ya jirani
ili kumbukumbu isikatike.
Alifanya polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo
kama mtoto anayejifunza kuandika.
Betri mpya ilikuwa imeshakaa, bado nati moja,
lori la bia likapita, meza ikatikisika,
waya mwekundu ukachomoka.
Giza, kitambo cha kupepesa jicho.
Kisha 1:00, 1:00, inamweka.

Akaanza kuomba msamaha, akataka kupunguza dola mbili.
Nikamlipa zote.
Nikakaa upande wa kulia, upande wa wenye gari kutoka Japani,
nikapiga simu.
Huko ni saa ngapi?
Saa tatu na nusu, Mama. Niko darasani. Kuna nini?
Hakuna kitu. Soma.

Kitufe ni kidogo kuliko kidole changu.
Nilikibonyeza kwa ncha ya pini ya nywele,
mbili, tatu, nne, mpaka tisa,
kisha dakika, moja moja, thelathini.
Murhula akachungulia dirishani:
Mama, umekosea. Hapa ni saa nne na nusu.
Nikasema, najua.

Gari liliwaka mara moja, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau.
Jioni nikaliegesha palepale, pua chini,
nikashuka, nikasukuma jiwe chini ya gurudumu.
Mguu ulikuwa bado haujaambiwa.